Msomaji wa Waya wa Pili

Mtu akiniita kumtengenezea mtandao wa nyumbani halafu akanisimamia mgongoni akiuliza "bado?", namkabidhi bisibisi aendelee mwenyewe. Ndivyo nilivyo na sina mpango wa kubadilika. Wifi yangu analijua hilo, ndiyo maana siku ile aliniachia chai mlangoni mwa stoo akarudi jikoni bila neno. Asubuhi aliponipigia simu alikuwa amesema machache tu: "Wifi, lile boksi limeanza kugonga."

Boksi lenyewe ni la marehemu kaka yangu, mume wake. Ni dude jeusi la ukubwa wa mkate, lina diski mbili ndani, na humo kaka alihifadhi kila video aliyowahi kupiga au kupigwa. Alikuwa fundi mitandao kama mimi. Kazi alinifundisha yeye, kisha nikamzidi, ingawa alikwenda bila kukiri. Boksi alilipandisha kwenye rafu ya stoo, kati ya makopo ya rangi na ndoo ya misumari, akalifunga kwa nywila iliyokuwa kichwani mwake tu. Likiwa limewashwa, kila kitu kinafunguka. Likizimika linauliza nywila, na nywila alikwenda nayo. Kwa hiyo tangu tumzike halijazimwa hata mara moja. Wifi alilinunulia betri ya akiba kabla hajanunua kitanda cha mtoto, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba ana watoto wawili, mmoja wa kunyonyesha na mmoja wa kuchomeka.

Sasa diski moja ilikuwa imekufa na ya pili inagonga. Tak. Kimya. Tak-tak. Fundi yeyote akisikia sauti hiyo anajua hakuna tiba, kuna kuokoa tu.

Na katika vya kuokoa, kulikuwa na faili moja. Wiki zake za mwisho kaka alijirekodi akimsemesha mtoto aliyekuwa bado tumboni. Hospitali walipowaonyesha picha ya mimba alisema, "Nukta tu hiyo," na jina likaganda. Mtoto tunamwita Nukta mpaka leo, na faili linaitwa hivyo hivyo. Wifi hakuwahi kulifungua, wala kumwonyesha mtoto video nyingine ya baba yake, ili sauti atakayoanza kuisikia iwe hiyo. Alisema atalifungua siku mtoto atakapoweza kukaa chini akasikiliza. Haya, Nukta sasa anaelekea miaka minne, kukaa anajua, kuuliza ndiyo usiseme, na siku hizo alikuwa na swali moja asubuhi mpaka jioni: "Baba alikuwa na sauti gani?" Mama yake alijaribu kuiigiza akashindwa katikati, akaingia chumbani akafunga mlango. Mimi nilijaribu, mtoto akacheka, akaniambia hiyo ni sauti yako, shangazi. Diski ile ingekufa kabla hatujaitoa video, huyu mtoto asingemsikia baba yake akimsemesha maisha yake yote. Hilo ndilo lililonitoa kazini kwangu nikamwacha mteja amekunja uso.

Shida ilikuwa kasi. Boksi ni la kizamani na tundu lake la mtandao linapitisha kidogo kidogo. Kwa waya mmoja tungenakili mpaka kesho, na diski haikuwa na kesho. Lakini lilikuwa na matundu mawili, na hapo ndipo ufundi ulipo. Unachukua nyaya mbili, unazichomeka zote kwenye boksi na zote kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku cha sebuleni kinachounganisha nyaya, unaziambia zifanye kazi kama waya mmoja mnene. Kaka aliita kufunga nira, kama unavyofunga ng'ombe wawili jembe moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watu hudhani ukifunga nira kila kitu kinakwenda mara mbili. Sivyo. Msafiri mmoja hata umpe barabara mbili atapita moja. Faida ni pale wasafiri wanapokuwa wawili. Kwa hiyo nilipanga laptopu yangu ivute nusu ya mafaili na kompyuta ya wifi ivute nusu nyingine, kwa wakati mmoja, kila moja kwa njia yake. Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni kwamba nira haifungwi na upande mmoja. Boksi linauliza, upande wa pili unajibu, wakikubaliana ndipo taa mbili zinawaka pamoja. Usipojibiwa, waya wako wa pili ni kamba ya kuanikia nguo.

Upande wa boksi kaka alikuwa ameshautega zamani. Alibakiza kuuchomeka tu waya wa pili, na kila nilipomuuliza alisema kesho. Ukutani mwa stoo alikuwa ameweka soketi mbili na sebuleni soketi mbili, zote hazina alama. Tuligombana mno juu ya alama. Fundi gani anaficha nyaya ukutani bila kuandika upi unakwenda wapi? Nilimpigia kelele mbele ya wateja, nilimpigia kelele kwenye harusi yake mwenyewe. Naye jibu lake lilikuwa lile lile, taratibu, kama anamtuliza mbuzi: "Nimesikia. Punguza sauti."

Nikachomeka. Waya wa kwanza ulikuwapo. Wa pili nikautoa kwenye boksi kuuingiza kwenye soketi ya pili ya stoo, nikaenda sebuleni nikatoa mwingine kwenye soketi ya pili nikauingiza kwenye swichi. Nikarudi. Taa mbili za kijani, zinapepesa pamoja. Imekubali. Nikanywa chai yangu kwa raha, ingawa ilikuwa imepoa.

Kitu cha kwanza nilichojaribu kuvuta kilikuwa faili la Nukta. Likafika katikati likakwama, na diski ikagonga mpaka rafu ikatetemeka. Nikasimamisha haraka. Mgonjwa wa namna hii unaanza na vyepesi. Kilichogoma unakiacha mwisho, kisije kikakuulia vyote. Nikamweleza wifi, akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye vyombo vyake. Nukta alikuwa chini ya meza ya jikoni anamvisha mwanasesere wake soksi. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani mpaka kwenye sahani zilizooshwa. Naeleza hivi ili mjue hakukuwa na giza wala upepo wala mbwa anayelia. Ilikuwa mchana wa kawaida kabisa.

Kompyuta zetu mbili zikaanza kuvuta. Baada ya muda nikatazama taa, nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Waya wa kwanza ulikuwa unapepesa kwa mwendo wa kazi. Wa pili ulikuwa haupepesi tena. Ulikuwa unawaka mfululizo, kama mtu anayekunywa bila kuvuta pumzi.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya boksi. Nywila ya huko ninayo, tuliiweka pamoja. Ukurasa unaonyesha nani anasoma nini. Laptopu yangu ilikuwapo, kwenye waya wa kwanza. Kompyuta ya wifi ilikuwapo, nayo kwenye waya wa kwanza. Kwenye waya wa pili alikuwapo msomaji wa tatu. Hakuwa na jina. Mahali pa anwani palikuwa patupu.

"Wifi, umewasha kifaa kingine? Simu? Televisheni?"

"Simu hii hapa mkononi. Televisheni imeharibika tangu mwezi uliopita, si uliahidi kuja kuitazama?"

"Usinianze."

Jirani, nikasema moyoni. Kuna jirani kaiba nywila, ananyonya mtandao wa mjane. Damu ikanichemka, nikaenda sebuleni nikauchomoa waya wa pili kwenye swichi. Taa ya swichi ikazima. Nikarudi stoo kwa hatua za ushindi. Taa ya boksi ilikuwa bado inawaka, mfululizo vile vile.

Waya una ncha mbili. Moja nilikuwa nimeiacha inaning'inia sebuleni, haigusi kitu. Basi huyu alikuwa anasomea wapi? Nikajiambia ni kaka na upuuzi wake wa nyaya zisizo na alama, bila shaka soketi ya stoo inakwenda chumba kingine. Nikashika bisibisi, nikafungua kifuniko cha soketi ili niufuate waya unakoelekea.

Hakukuwa na waya. Nyuma ya soketi kulikuwa na kipande kifupi, hakizidi kidole changu cha kati, ncha yake imekatwa na koleo. Baada ya hapo ni tofali na vumbi. Kaka hakuwahi kuupitisha ule waya. Alifunga soketi ya urembo akaniambia kesho, kesho, na kesho yake haikufika. Nikaingiza kidole ndani ya tundu la ukuta kutafuta zaidi. Tofali lilikuwa baridi kwa namna ambayo tofali la ukuta unaopigwa na jua haliwi. Nikautoa mkono upesi.

"Wifi," niliita, na sauti yangu ilitoka ndogo, jambo ambalo si kawaida. "Njoo."

Akaja anajifuta mikono. Nikamwonyesha kipande cha waya, nikamwonyesha taa, nikamwonyesha ukurasa. Hana ufundi lakini si mjinga. Aliusoma ukurasa mstari kwa mstari, kisha akanyoosha kidole kwenye jina la faili ambalo msomaji wa tatu alikuwa analisoma.

"Hiyo ni mimi nasuka nywele barazani," alisema. "Alinipiga kwa kujificha nyuma ya pazia."

Faili likaisha. Msomaji akahamia lingine. Nikalifungua lile alilomaliza nione ameacha nini. Jina lilikuwapo. Ukubwa, sifuri. Ndani hapakuwa na kitu, weusi tu na kimya.

"Anafuta!" nilipiga kelele. "Huyu mwizi anasoma halafu anafuta!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Nauchomoa!"

"Wifi, subiri." Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa maji ya vyombo lakini umeshika kweli kweli. "Soma majina. Yasome kwanza, kelele baadaye."

Nikasoma. Wifi anacheka na kijiko mdomoni. Wifi amelala, tumbo juu. Wifi anafukuza kuku sebuleni. Hata mimi nilikuwamo, nimepanda ngazi natukana dari. Zote zilikuwa video alizopiga kaka mwenyewe, yeye akiwa nyuma ya kamera. Kisha tukatazama zilizokwisha kufika kwenye kompyuta zetu salama, zinacheza vizuri, picha na sauti. Kaka anakata keki. Kaka anajifunza kuendesha baiskeli ukubwani, anaanguka kwenye ua wa jirani. Kaka anaimba vibaya. Kwenye zote alikuwa mbele ya kamera. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoguswa na waya wa pili.

Niliogopa, nasema bila aibu. Nimepanda nguzo wakati wa mvua, nimefungua masanduku ya umeme yenye nyoka ndani, lakini pale stoo nilimsogelea wifi kama mtoto wa shule.

"Sisi tunachukua alimo yeye," wifi alisema polepole. "Yeye anachukua tulimo sisi."

"Usiseme hivyo."

"Sasa niseme vipi? Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Huyu lake lipo, hilo hapo linawaka." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miaka yote hii nalilinda hili boksi nikidhani nalinda vya kwangu. Usichomoe. Mwache achukue. Mimi naweza kujitazama kwenye kioo, yeye ana nini?"

Mgala muue na haki yake mpe. Nikautoa mkono wangu kwenye waya. Tukasimama bega kwa bega, wajane wawili ungesema, tukitazama majina yakipita. Zetu zikija, zake zikienda. Boksi likawa linagonga, likitulia, likigonga. Mara moja moja wifi alitabasamu kwa jina fulani kabla halijawa sifuri, kama mtu anayeaga kituoni.

Kisha laptopu yangu ikamaliza zamu yake. Ya wifi ikamaliza. Likabaki faili moja, lile lililogoma, nikalianzisha upya. Likafika katikati. Likakwama. Na kwenye mstari wa tatu, bila jina, bila anwani, likatokea neno: Nukta.

Wifi aliona sekunde ile ile niliyoona mimi. "Hapana," alisema. "Hilo hapana. Hilo yumo yeye, kwa nini analitaka hilo?"

"Kwa sababu mtoto yumo pia," nilisema, na nikajisikia baridi kwa kusema. Humo kaka alikuwa anaongea na Nukta. Ndani ya lile faili walikuwa wote wawili. Lilikuwa la huku na la huko.

Taa ya pili ikawaka kali kuliko wakati wowote. Diski ikaanza kugonga mfululizo, makopo ya rangi yakagongana rafuni. Nikaunyaka waya niuchomoe. Ulikuwa baridi kama chuma cha friji na haukutoka. Kile kibanio cha plastiki unachokibonyeza kwa kidole gumba kilikuwa kimekaza kama kimeshikwa upande wa pili. Nikavuta. Ukavutwa nao. Naapa, ulivutwa. Wifi alikuwa ameshikilia rafu kwa mikono miwili analia jina la mumewe. Na mimi, nilipoishiwa ufundi, nikafanya kile ambacho nimekifanya maisha yangu yote. Nikapiga kelele.

"Acha! Hiyo ni ya mtoto! Umechukua zako zote hatukusema kitu! Hiyo ni ya mtoto, unasikia? Mtoto hana nyingine ya kwake! Kaka, acha, hiyo ni ya mtoto!"

Sauti yangu iliruka kwenye kuta za stoo, ikatoka uani. Nukta alitokea mlangoni na mwanasesere wake, macho yamemtoka.

Waya ukalegea mkononi mwangu. Taa ya pili ilipepesa mara moja, taratibu, ikazima. Mstari wa tatu ukatoweka kwenye ukurasa. Faili lililokwama likaanza kusogea lenyewe, kwa waya wa kwanza, kama gari lililotolewa tope. Likafika mwisho. Diski ikagonga kwa mara ya mwisho, boksi likajizima, likajiwasha, na kuuliza nywila. Hatukuwa na la kulijibu.

Hatukungoja. Wifi alikaa sakafuni pale pale stoo, akampakata mtoto, nami nikaiteremsha ndoo ya misumari, nikaiweka laptopu juu ya kifuniko chake. Nikafungua.

Kaka alikuwa amekaa kwenye stoo hiyo hiyo, juu ya kiti cha plastiki, amekonda, shati limemzidi. Rafu nyuma yake, boksi nyuma yake, taa moja ya kijani. Tarehe ya faili hilo naikumbuka. Mimi nilikuwa kazini mji mwingine, wifi alikuwa kliniki. Nyumba nzima alikuwamo yeye peke yake.

"Nukta," alisema, na sauti ilikuwa ile ile, ya pua kidogo, ya mtu asiye na haraka. "Mimi ndiye baba yako. Usishangae nilivyokonda, mama yako anapika vizuri, tatizo si chakula."

Nukta aliacha kumchezea mwanasesere. Alikuwa amekaa mdomo wazi, kama aliyewekewa kitu kitamu kwenye ulimi.

Kaka aliendelea. Alimwambia asiogope umeme ila auheshimu. Alimwambia amsaidie mama kucheka. Halafu, katikati, pale pale faili lilipokuwa likikwama, akanyamaza. Akageuza shingo kuelekea ukutani, kwenye soketi ya pili, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha jirani. Na nyuma ya ule ukimya, kwa mbali, kama kutoka upande wa pili wa tofali, kulikuwa na mwanamke anapiga kelele. Maneno hayakushikika vizuri. Lililoshikika lilikuwa moja, linarudiwa rudiwa. Mtoto. Mtoto.

Wifi alinitazama. Sikumtazama.

Kaka alisikiliza mpaka kelele zikaisha. Akacheka kidogo, akakohoa, akarudisha uso kwenye kamera.

"Huyo ni shangazi yako," alimwambia Nukta. "Utamzoea." Kisha akainua macho, akatazama juu kidogo ya kichwa cha mtoto, mahali nilipokuwa nimesimama mimi. "Nimesikia. Hii yenu. Punguza sauti."

Video iliendelea lakini sikuiona. Nilijiona nimekaa juu ya kopo la rangi, nimeziba uso kwa kiganja kilichoshika ule waya, na kulikuwa na sauti fulani stoo mle, mbaya, kama ya mnyama, isiyoisha. Sikujua ni yangu mpaka Nukta aliponiwekea mkono gotini, taratibu, asiniudhi.

"Shangazi," alisema, "baba kasema upunguze sauti."